Teneri ya mutu haionekane ku nguo

Wandugu wachimbaji, wamama wa nyumba zetu, vijana na watoto wa makambi,

Mwezi wa kumi na mbili umeingia. Mvua inapiga kweli kweli, njia za makambi zimejaa matope, na mu masoko, kuanzia soko ya Kenya hapa Lubumbashi mpaka kule Likasi na Kolwezi, viatu vya watoto vimepangwa juu ya bashi sawa mahindi ya kuanika. Bei ya kuku imepanda. Bei ya kikwembe imepanda. Na kule ku ofisi yetu ndogo ya sendika, benchi ya inje inajaa watu kupita mwezi wowote mwingine.

Tunajua juu ya nini wanakuja. Mu mwezi wa sita mutu anakuja kuona delege juu walimukata siku za kazi, ao juu ya kontra yenye haieleweke. Mu mwezi wa kumi na mbili anakuja juu ya avansi. "Baba delege, utusaidie. Noeli iko karibu, batu batatuona namna gani?" Hiyo neno tunaisikia kila mwaka. Haseme "watoto watakula nini". Anasema "watu watatuona namna gani". Leo tunataka kuzungumuza juu ya hayo macho ya watu.

Mwaka uliopita tulipokea baba mumoja, mufanyakazi wa sutretansi, mutu wa kazi miaka mingi. Jina lake tunaliacha, lakini yeye mwenyewe ametupa ruhusa ya kueleza. Mu Desemba alienda kwa Bank Lambert, akakopa dola 200 kwa faida ya 40 kwa mia kila mwezi. Yule mwenye kumukopesha akashika karte yake ya banki. Na zile feza akanunua kikwembe cha wax kwa bibi yake na kwa mukwe wake, nguo za watoto watatu, meshi za kusuka, makreti ya bia, akakodi viti na muziki. Siku ya 25 parsele yake ilijaa watu, na kila mutu alisema: huyu baba, kazi inamutembelea.

Tufanye hesabu pamoja, maana hesabu haina haya. Faida ya mwezi moja ni dola 80. Mu Januari alilipa 80. Mu Februari alilipa 80. Mu Machi alilipa 80. Jumla dola 240 zimetoka mu mukono wake, na deni ya 200 bado imesimama palepale, haijagusiwa. Mu Februari binti yake mukubwa alirudishwa nyumbani juu ya feza za masomo ya sekondari. Ile kikwembe ilikuwa ndani ya sanduku.

Lakini haiko hiyo ndiyo ilituumiza zaidi. Alipokuja na bibi yake mbele yetu, tuliuliza: nani alitaka hii feti? Baba akasema: nilifanya juu ya mama, sikutaka akose heshima kwa wandugu zake. Mama akamutazama, akasema: mimi sikuomba kitu, nilifikiri ni wewe ulitaka, nikanyamaza juu nisikuvunje moyo. Kila mumoja alifikiri mwenzake ndiye alitaka. Hakuna aliyetaka. Waliwapikia majirani. Na yule baba akaongeza kwa sauti ya chini kwamba aliacha kwenda kanisani tangu mwezi wa pili, juu yule mwenye kumudai anaketi ku benchi ya mbele.

Wandugu, sisi ni watu wa mawe. Hatuhitaji mwalimu wa kutufundisha hii neno. Kila muchimbaji anajua malakita: jiwe ya kijani, inangaa, wageni wanainunua na kuiweka mu salon. Anajua pia eterojenite: jiwe nyeusi, chafu sawa makala, inapaka mikono na nguo, na mutoto asiyeijua ataipita njiani bila kuinama. Lakini ile nyeusi ndiyo inabeba kobalti yenye dunia yote inatafuta. Tena kuna vumbi ya mika, inametameta ku jua kupita zote mbili, na haina bei.

Ukifika kwa munegosia na mufuko yako, haulizi kama mufuko ni mupya ao umeshonwa na kamba nyekundu. Anachota, anasaga, anaweka mashine, anasoma teneri. Tunagombana naye kila siku juu ya mashine yake, tunasema inadanganya, na mara nyingi tunasema kweli. Lakini hata mumoja wetu hajasema kwamba bei itoke ku rangi ya mufuko. Sasa, juu ya nini jiwe tunaipima kwa teneri, na mutu tunamupima kwa mufuko?

Mungu anapima namna gani? Biblia inatueleza kwamba Samweli alitumwa ku nyumba ya Yese huko Betelehemu kupaka mafuta mufalme. Alipoona Eliabu, kijana mukubwa, murefu, wa sura nzuri, akafikiri kazi imekwisha. Mungu akamukataza: mutu anaangalia inje, Mungu anaangalia moyo. Watoto saba wakapita, wote wakakataliwa. Ikabidi kuuliza kama hakuna mwingine. Alikuwako, lakini baba yake hata hakumuita, juu alikuwa ku kazi, anachunga kondoo. Daudi alikosa ku mukutano juu alikuwa ku zamu yake. Wangapi kati yetu tunalijua hilo!

Na mu Betelehemu ileile, miaka mingi nyuma, mutoto alizaliwa na kulazwa mu sanduku ya chakula ya nyama, juu mu nyumba ya wageni hakukuwa nafasi. Wageni wa kwanza walikuwa nani? Wachungaji wa kondoo, watu wa zamu ya usiku. Hawakurudi kwanza nyumbani kuoga na kubadili nguo. Walienda na harufu ya kazi. Wandugu wa zamu ya usiku, mutakaoingia mu shimo tarehe 24 saa watu wengine wanaingia ku Misa, mukumbuke: ile habari ilipewa kwanza watu sawa ninyi.

Kuna tena kitu kimoja chenye tunapita haraka. Siku 40 kisha kuzaa, sheria ya Wayahudi iliomba mama atoe kondoo ku hekalu. Lakini sheria iliongeza: kama hana uwezo wa kondoo, alete ndege wawili. Luka anaandika wazi kwamba Maria na Yosefu walipanda Yerusalemu na toleo ya ndege. Maana yake wakati ule walikuwa maskini, na walikubali kuonekana maskini, mbele ya kuhani, mbele ya watu, ndani ya hekalu kubwa. Yosefu hakuenda kwa Bank Lambert ya Yerusalemu kukopa kondoo juu ya macho ya watu. Na yule mutoto hakupungukiwa kitu.

Hapa lazima tujitubu sisi wenyewe, juu mutu asiyeonyesha kidonda chake hafai kufungua kidonda cha mwenzake. Tarehe 4 Desemba ni siku ya Mutakatifu Barbara, mulinzi wa wachimbaji. Mwaka uliopita sisi wa sendika tulipanga karamu. Viti vya mikono tuliviweka mbele kwa washefu na wageni wenye kravati. Mama mumoja, mujane wa mwenzetu aliyefunikwa na udongo, alifika na nguo yake ya kila siku na chupa ya munkoyo aliyoitengeneza yeye mwenyewe ili kunywa na wenzake wa marehemu. Kijana wetu wa mulango alimuangalia nguo, akamuonyesha njia ya jikoni. Alifikiri ni mama wa kusaidia kupika. Yule mama hakusema kitu. Aliweka munkoyo pembeni, akaosha masahani mpaka mangaribi, akaenda. Sisi tulijua kesho yake.

Yakobo mutume alikwisha kuandika juu ya hiyo: mutu wa pete ya zahabu anaingia, munamupa kiti kizuri, maskini anaingia, munamuambia asimame kule. Tulikuwa tumesikia hiyo somo mara ngapi? Tulienda kwa ule mama, tukapiga magoti, tukaomba musamaha. Alitusamehe haraka, na hiyo ikatuuma zaidi. Akasema tu: "Bwana yangu angalikuwa muzima, mungalinijua." Ni kweli. Tungalimujua kwa kaske ya bwana yake. Hatukumujua kwa yeye mwenyewe.

Sasa tunasikia wenye kusema: ee, sendika imekuwa kanisa, inatuhubiria umaskini, mabosi watafurahi! Hapana, wandugu. Musikie vizuri. Kusema kwamba teneri ya mutu iko ndani, haiko kusema kwamba mutu akubali kulipwa mubaya. Ni kinyume. Mutu anayejua bei yake hakubali kuuzwa bei ya vumbi.

Tukumbuke tarehe 9 Desemba 1941. Ilikuwa wakati wa vita, bei za vitu zimepanda, na wafanyakazi wa Union Minière hapa Lubumbashi, yenye iliitwa Élisabethville, waligoma juu ya mushahara. Walikusanyika ku kiwanja cha mupira. Askari wakapiga risasi. Wengi walikufa, na kati yao Léonard Mpoyi, mumoja wa viongozi wao. Mu vitabu vya ile wakati mufanyakazi mweusi alikuwa numero na posho. Wao walisema: sisi ni watu. Walijua teneri yao siku 16 mbele ya Noeli, na walilipa kwa damu. Kila mwaka, tukipita tarehe 9 na kukimbilia makreti ya tarehe 25 bila hata kutaja jina lao, tunakosa heshima.

Mukumbuke pia Mwenye Heri Isidore Bakanja, mufanyakazi kijana wa kule Equateur. Alibatizwa mwaka wa 1906. Alivaa skapulari ya Bikira Maria ku shingo. Mukubwa wa shamba alimuamuru aitoe, akakataa, akapigwa fimbo mpaka mugongo ukaoza. Alikufa tarehe 15 Agosti 1909, kisha kumusamehe aliyemupiga. Papa Yohane Paulo wa Pili alimuita Mwenye Heri tarehe 24 Aprili 1994. Mutu atasema: skapulari si ni kitu cha inje? Ndiyo, ni kipande cha kitambaa tu. Lakini kile kitambaa kilionyesha kitu kilichokuwa ndani, na alikuwa tayari kukilipia kwa mwili wake. Nguo yetu ya Noeli inaonyesha nini chenye kiko ndani? Hiyo ndiyo ulizo. Nguo mupya haiko zambi. Mutoto kufurahia kiatu kipya haiko zambi, hata sisi tuliifurahia. Zambi ni pale nguo inasema uongo juu ya nyumba, na watoto wanalipa ule uongo mu Februari.

Tena tumeona kwa macho yetu nini inafika kwa mutu aliyeweka bei yake yote inje. Mu mwaka wa 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitoka Gécamines mu ule mupango ulioitwa kuondoka kwa mapenzi. Sisi tulikuwa vijana, na wengi wao walikuwa wababa zetu, wajomba zetu. Walirudi nyumbani bila karte ya kazi, bila hospitali ya kampuni, bila mufuko wa bunga. Kuna wababa waliojifungia mu nyumba siku ya Noeli, taa imezimwa, ili wageni wafikiri hakuna mutu. Kuna wengine, wenye mufuko uleule mutupu, walichukua jembe, wakalima mahindi na viazi vitamu, na Noeli wakaimba mu korali na shati ya zamani yenye kupigwa pasi. Walitoka ku mulango moja wa kazi, siku moja, na feza zilezile. Tofauti ilikuwa ndani. Wale wa kwanza kampuni iliwachukulia kazi na ikawachukulia na mutu. Wale wa pili ilichukua kazi tu.

Na makampuni nayo yasikie, juu Yesu hakusema na maskini peke yao. Aliwafananisha wakubwa wa dini na makaburi yenye kupakwa rangi nyeupe, inje safi, ndani mifupa. Tunaona mabango makubwa ku milango ya mine juu ya usalama, na ndani mufanyakazi wa sutretansi anaomba boti ya pili miezi sita. Tunaona kalendari nzuri na tishati za mwisho wa mwaka, na diskuru kwamba sisi wote ni familia moja. Familia hailipe mutoto moja mara tatu ya mwingine kwa kazi moja, juu mumoja ana karte ya kampuni na mwingine ya sutretansi. Papa Leo wa 13, tangu tarehe 15 Mei 1891, alifundisha kwamba mushahara unapaswa kutosha mufanyakazi mwenye akili aishi nao. Hatuombe tishati. Tunaomba mushahara wa Desemba na prime ya mwisho wa mwaka vilipwe mbele ya tarehe 24, kama mapatano yalivyosema, ili mutu asipite kwa Bank Lambert.

Kwa hiyo, wandugu, mwaka huu tumepatana juu ya mambo machache, na tunawaomba muyafanye pamoja na sisi.

Kwanza, buletini ya mushahara ya mwezi huu ifunguliwe ku meza, baba na mama pamoja. Mutoe kwanza feza za masomo ya trimestre ya pili, mutoe bunga na makala ya Januari, kisha muone nini inabakia kwa sikukuu. Na muulizane kwa kinywa: wewe unataka nini? Musifikiriane.

Pili, hakuna kukopa kwa faida juu ya feti. Kama kuna ugonjwa ao kilio, mukuje ku sendika mbele ya kuacha karte yenu ya banki kwa mutu. Wale wenye likelemba wasikubali zamu ya Desemba iishe yote mu bia.

Tatu, tarehe 4, hatutavaa kikwembe cha namna moja. Tuliamua hivyo juu tuliona wamama wengi wanakaa nyumbani kwa kukosa feza ya kukinunua. Viti vya mbele ni vya wajane na vya wenzetu waliovunjika mu kazi. Washefu watapata viti, hakuna atakayesimama, lakini wataketi nyuma yao. Mukuje na nguo yenye muko nayo, ifuliwe tu.

Inne, tarehe 9, saa ya mapumziko, tutavua kaske dakika moja juu ya wale wa 1941.

Na kwenu mapadri, wachungaji na wazee wa kanisa, tunawaomba kwa heshima: siku ya Noeli muangalie mulango. Muangalie nani anaelekezwa mbele na nani anaelekezwa kando. Na kama mukijua kwamba ku benchi ya mbele kunaketi mutu anayeshika makarte ya banki ya wenzake, muzungumuze naye mbele ya kupokea toleo yake. Yesu alisifu mujane wa makuta mawili, hakuuliza nguo yake.

Yule baba wa dola 200 alimaliza deni mu mwezi wa nane, sendika ilimusaidia kupatana. Binti yake alipoteza mwaka, amerudilia darasa. Juma lililopita alipita ku ofisi, hakuketi ku benchi. Alisimama mulangoni, akasema mwaka huu watapika bukari na kuku mumoja, na wataenda Misa ya asubui wote watano. Tukamuuliza kama haogope yule wa benchi ya mbele. Akacheka kidogo, akasema: "Naogopa bado. Lakini nitaingia."

Tuingie naye, wandugu. Yule mama wa munkoyo naye amekubali kuja tarehe 4. Mara hii tutakuwa sisi wenyewe ku mulango.

Tunawatakia ninyi wote Noeli ya amani na Bonane ya heri, na wale walio chini ya udongo wapande salama.